Usalama wa Mtaa: Takwimu za Uhalifu, Kelele ya "Mwizi!" na Hukumu ya Kujichukulia Sheria Mkononi



Limetufikia swali la ndugu yetu mmoja wa Dar es Salaam, ambaye tumeona bora tusitaje jina lake wala mtaa wake. Kwa ufupi anasema kwamba ni kijana wa miaka ishirini na nne, anaswali jamaa, na yumo kwenye kikundi cha ulinzi shirikishi cha mtaa wao. Mtaa umechoshwa na vibaka. Kina mama wananyakuliwa pochi wakishuka kwenye daladala, na wazee wanaporwa simu wakienda swala ya Alfajiri. Usiku mmoja baada ya Isha ikapigwa kelele ya mwizi. Wakamkimbiza kijana mmoja, wakamkamata, watu wakajaa. Muulizaji anakiri kuwa alimpiga yule kijana fimbo mbili, moja ya mgongoni na moja ya mguuni, kisha umati ukamsukuma nyuma. Kijana alikufa kabla polisi hawajafika. Anauliza mambo manne: Je, mtaa haukuwa na haki ya kujilinda? Je, yeye ni muuaji? Afanye nini sasa? Na je, aendelee na ulinzi au aache?

Tungeweza kumjibu kwa mistari michache. Lakini maswali ya namna hii yanatujia mara kwa mara kwa sura tofauti, na jibu lake halieleweki vizuri bila kwanza kueleza mambo kadhaa kuhusu usalama wa mitaa yetu. Tunamuomba muulizaji atuvumilie, tutamfikia mwishoni.

Amani inatajwa kabla ya chakula

Nabii Ibrahim (a.s.) alipouombea mji wa Makka, kama tunavyosoma katika Suratul Baqara aya ya 126, alianza kwa kuomba uwe mji wa amani, ndipo akaomba wakazi wake waruzukiwe matunda. Katika Suratu Quraysh, Allah (s.w.) anawakumbusha Makuraishi neema mbili, kulishwa baada ya njaa na kuaminishwa baada ya khofu. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) anamhesabu mtu aliyeamka akiwa salama katika watu wake, mwenye afya ya mwili na chakula cha siku hiyo, kuwa ni kama aliyekusanyiwa dunia yote.

Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba hawezi kumtuma mtoto dukani baada ya Magharibi halalamiki jambo dogo. Wapo wanaodhani kuzungumzia vibaka msikitini ni kuingiza siasa za mtaa katika nyumba ya Allah. Hatukubaliani nao.

"Mtaa hatari" maana yake nini?

Kila mji una mitaa iliyobandikwa jina. Kwa Dar es Salaam, ukimwambia mtu unaishi Manzese, Tandale, Vingunguti au Mbagala, utamuona anakuangalia mara mbili. Wenye nyumba huko wanajua hasara ya jina hilo. Kijana anaficha anapokaa akienda kuomba kazi, na bodaboda anadai nauli zaidi usiku. Kabla ya kuubandika mtaa jina, ni vizuri kujua hesabu za uhalifu zinavyotengenezwa, maana nazo ni habari, na habari ina masharti yake ya kuhakikiwa.

Polisi na watafiti wakitaka kulinganisha sehemu mbili hawatazami idadi ya matukio peke yake. Wanagawanya matukio kwa idadi ya watu, na mara nyingi hesabu hutolewa kwa kila watu 100,000. Dar es Salaam kwa sensa ya mwaka 2022 ilikuwa na watu 5,383,728. Ni lazima iwe na matukio mengi kuliko mji wa watu laki mbili, na hilo peke yake halithibitishi kwamba mkazi wake yumo hatarini zaidi. Tuseme kwa mfano mji mkubwa una matukio 5,000 kwa mwaka na watu milioni tano, na mji mdogo una matukio 400 na watu 200,000. Mkubwa una 100 kwa kila watu 100,000, mdogo una 200. Gazeti litaandika habari za mji mkubwa, ilhali hatari iko mara mbili katika ule mdogo.

Hapo hujaingia ndani ya mtaa bado, ambako hesabu zinapotosha zaidi. Kariakoo ina wakazi wachache ukilinganisha na umati unaoingia kununua na kuuza mchana. Ukigawanya wizi wote wa Kariakoo kwa wanaolala pale tu, utapata picha ya kutisha isiyo ya kweli. Upande wa pili, katika mtaa wa watu elfu nane, matukio mawili yakiwa manne mwaka unaofuata, mtu atatangaza kwamba uhalifu "umeongezeka maradufu". Kihesabu yuko sahihi. Lakini namba ndogo hupanda na kushuka zenyewe, na mwaka wa tatu huenda ikawa tukio moja.

Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba takwimu zinahesabu yaliyoripotiwa, hazihesabu yaliyotokea. Mama aliyenyakuliwa simu ya bei ndogo haendi kituoni. Anaona atapoteza siku nzima na nauli, na simu haitarudi. Aliyefanyiwa jambo la kuvunja heshima yake ananyamaza kwa aibu. Ndiyo maana kikifunguliwa kituo kidogo cha polisi karibu na watu, au akija askari anayewasikiliza, matukio kwenye karatasi huongezeka. Asiyejua atasema kituo kimeleta uhalifu! Mauaji ndiyo hesabu inayoaminika zaidi kidogo, kwa sababu maiti haifichiki kirahisi kama simu iliyopotea.

Na hata mtaa wenye uhalifu wa kweli si hatari wote, wala si saa zote. Uzoefu wa miji mingi duniani unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya matukio hutokea katika sehemu chache. Ni kichochoro kimoja kisicho na taa, kituo cha daladala saa ya msongamano, kijia kinachopita nyuma ya gofu la nyumba isiyokwisha kujengwa. Wahusika nao ni wachache, wale wale, wanaojulikana kwa majina. Hili ni jambo la kutia moyo, kwa sababu mtaa mzima huwezi kuubadilisha kwa mwezi mmoja, lakini taa kwenye kichochoro unaweza kuifunga kesho.

Jioni ya Januari 2, 2015

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaikumbuka jioni ya Ijumaa hiyo. Kundi la vijana lililokuwa likijulikana kama Panya Road lilikuwa limetoka kumzika mwenzao, aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi. Vurugu zikaanza, na ndani ya muda mfupi jiji likashikwa na taharuki. Magomeni waliambiwa Panya Road wako Sinza, Sinza wakaambiwa wako Mwananyamala. Maduka yakafungwa, watu wakakimbia kuacha vyakula mezani, wengine wakajifungia ndani. Simu zilikuwa zikilia kila nyumba, ndugu anamwonya ndugu. Waliokimbia walikuwa wengi mno kuliko waliomuona kijana yeyote mwenye silaha. Siku zilizofuata polisi walikamata vijana kwa mamia.

Hatusemi kwamba Panya Road walikuwa hadithi ya kutungwa. Walipora na walijeruhi kweli, na mwaka 2022 jina hilo likarudi kwa ubaya zaidi, vijana wakivamia nyumba za watu usiku kwa mapanga, mpaka mwezi Septemba mwanafunzi wa chuo akapoteza maisha huko Kawe. Watu wa mitaa iliyovamiwa wana haki ya kuogopa. Tunachotaka kionekane ni jinsi khofu ya uongo ilivyopanda juu ya khofu ya kweli. Tena anza kuhesabu nyuma: jioni ile ilianzia kaburini kwa kijana aliyeuawa na umati. Waliomuua bila shaka walidhani wamepunguza mwizi mmoja.

Qur'an inalo somo mahsusi juu ya habari za namna hii, nalo halitajwi sana kwenye mawaidha. Katika Suratun Nisaa aya ya 83, Allah (s.w.) anawalaumu watu ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza papo hapo, na anaeleza kwamba lau wangelirudisha kwa Mtume na kwa wenye madaraka miongoni mwao, wangelijua wale wenye uwezo wa kulichambua. Leo jambo la khofu linatangazwa kwa kubonyeza kidole. Sauti ya mtu asiyejulikana inasema "jamani wanawake wa Tabata msitoke", na kabla ya Isha imefika makundi arobaini ya WhatsApp. Hakuna aliyeuliza ni ya lini. Huenda ni ya mwaka juzi.

Na iko sira iliyo kinyume cha hayo. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na sauti. Walipotoka kuifuata walikutana na Mtume (s.a.w.) anarudi. Alikwishatangulia peke yake, amepanda farasi wa Abu Talha asiye na tandiko, upanga uko shingoni, akawatuliza wasiogope. Alikwenda kutazama kwanza, kisha ndipo akatoa habari.

Haki ya kujilinda, na pale inapoishia

Sasa tuingie kwenye swali la kwanza. Uislamu haumwambii mtu akunje mikono nyumba yake ikivunjwa. Katika hadithi ya Abdullah bin Amr (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, aliyeuawa akiitetea mali yake ni shahidi, na mapokezi mengine yanaongeza dini yake, nafsi yake na watu wake. Imam Muslim amepokea kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu anayekuja kumnyang'anya mali, akajibiwa asimpe, na akipigwa vita apigane.

Wanazuoni wa fiqhi wameipa mlango wake hali hii, kumzuia mshambuliaji, na wameweka ngazi. Akiweza kuondoka kwa maneno, basi maneno. Kwa kelele ya kuita watu, basi kelele. Kwa mkono, basi mkono. Kwa fimbo, si halali kutumia panga. Kumuua kunakuja pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kumzuia na shari inaendelea. Na kipimo ni pale pale, wakati ule ule, maana aliyevamiwa saa nane za usiku gizani hatakiwi kupima kwa mizani ya dhahabu.

Lakini haki hii ina mwisho wake, na mwisho huo ndio unaosahaulika. Mwizi akigeuza mgongo kukimbia bila mali, au akishikwa, akilazwa chini, akifungwa kamba, ameshatoka katika hukumu ya mshambuliaji. Hapo ni mtuhumiwa aliyekamatwa, na damu yake imerudi kulindwa. Fimbo inayompiga baada ya hapo haimzuii na jambo lolote. Ni adhabu, na adhabu ina mwenyewe.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inatambua kujilinda nafsi na mali kwa nguvu inayolingana na hatari. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, kwa sharti amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hakuna sheria inayomruhusu kumhukumu.

Umati hauna haki ya kuhukumu

Mara nyingine tunaletewa hoja kwamba hata Qur'an imeamrisha mkono wa mwizi ukatwe, kwa hiyo wanaompiga wanatekeleza Sharia pale ambapo serikali imeshindwa. Hoja hii ni ya hatari na inatoka kwa wasioijua Sharia wanayoitaja.

Adhabu ya wizi katika Suratul Maida aya ya 38 ina masharti mengi. Lazima kilichoibwa kifike kiwango, ambacho kwa jamhuri ni robo dinari ya dhahabu, yaani gramu moja na kidogo. Lazima kiwe kimechukuliwa kwa siri kutoka mahali pa hifadhi yake. Lazima kuwe na kukiri kwa hiari au mashahidi waadilifu, na pasiwe na shaka, kwa kuwa hadi huondolewa kwa shaka. Mnyakuzi wa simu barabarani, kwa wanazuoni walio wengi, hata haingii katika hukumu hiyo ya kukatwa. Adhabu yake anaipanga kadhi. Na juu ya yote hayo, wanazuoni wamesema hudud zinasimamishwa na mtawala au aliyemuwakilisha baada ya kesi kusikilizwa. Mpita njia hana nafasi hapo. Unampiga tofali mtu ambaye hata kadhi wa Kiislamu, kama angekuwapo, huenda angemwachia au angemfunga miezi michache. Hiyo itakuwaje Sharia?

Ama kumvisha mtu tairi na kumchoma moto, hilo limekatazwa kwa uwazi. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) katazo la Mtume (s.a.w.) la kuadhibu kwa adhabu ya Allah, nayo ni moto. Katazo hilo lilitajwa kuhusu watu walioritadi, sembuse mtuhumiwa wa kuku au betri ya gari.

Kisha iko ile kelele yenyewe. Anayepiga kelele ya "mwizi!" anatoa ushahidi mbele ya umati ambao hautamuuliza swali hata moja. Watu wamekufa kwa kufananishwa. Wamekufa waliokuwa wakimdai mtu pesa, na mdaiwa akaona njia rahisi ni kupiga yowe. Amekufa mgonjwa wa akili aliyeingia uani kwa watu. Kila mwaka ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutaja mauaji ya aina hii, na katika miaka mingine yamehesabiwa kwa mamia nchini. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inataka habari ihakikishwe ili tusiwadhuru watu kwa ujinga, kisha tukawa wenye kujuta. Muulizaji wetu, kwa barua yake, yumo katika majuto hayo hasa.

Hata kama kosa limethibiti, adabu ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa na mpaka. Katika hadithi ya Bukhari aliletwa mtu aliyekunywa pombe, akaadhibiwa. Alipokuwa akiondoka mmoja wa watu akamuombea fedheha. Mtume (s.a.w.) akamkataza, asije akamsaidia shetani dhidi ya ndugu yao. Lilikuwa neno tu, juu ya mtu aliyekwisha kuthibitika kosa.

"Lakini polisi wanawaachia"

Hii ndiyo kauli tunayoisikia kila tukizungumza jambo hili, na hatuipuuzi. Mtu anamuona aliyemvunjia nyumba anapita barabarani baada ya siku tatu, anamcheka. Kuna rushwa, na rushwa ni haramu kwa mpokeaji na mtoaji. Anayeiona aripoti TAKUKURU, hata kama amekata tamaa nao.

Hata hivyo mengine tunajifanyia wenyewe. Mtuhumiwa hatakiwi kukaa mahabusu bila kufikishwa mahakamani zaidi ya saa ishirini na nne, na makosa mengi yana dhamana kwa haki. Kupewa dhamana si kuachiwa. Kesi inaendelea, ila inahitaji mashahidi. Hapo ndipo mtaa mzima unapotoweka! Waliokuwa mia wakati wa kupiga, hakuna hata wawili wa kwenda kutoa maelezo. Mlalamikaji naye amerudishiwa simu yake, hana haja tena. Hakimu hana la kufanya na jalada tupu. Kuficha ushahidi kumekatazwa katika Suratul Baqara aya ya 283, na aya inauhusisha na dhambi ya moyo.

Lipo pia suala la kumalizana. Safwan bin Umayya (r.a.) aliibiwa shuka yake msikitini, akamfikisha mwizi kwa Mtume (s.a.w.), na hukumu ilipotolewa akaona huruma, akataka kusamehe. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumleta. Wanazuoni wamechukua kutoka hapo kwamba mwenye mali anaweza kusamehe kabla kesi haijafika. Imam Nawawi lakini ameeleza kwamba sitara inamhusu aliyeteleza, asiyejulikana kwa shari. Anayejulikana kwa kuwaudhi watu hufikishwa kwa wenye mamlaka, maana kumsitiri kunampa ujasiri. Mtoto wa jirani aliyedokoa mara ya kwanza na kijana wa panga hawapimwi sawa.

Na nani ananunua? Simu isiyo na boksi wala risiti, vioo vya pembeni vya magari vilivyong'olewa jana usiku, mita ya maji, mfuniko wa mtaro wa chuma. Kibaka hali vitu hivyo. Vinanunuliwa na watu wenye maduka, wengine wana alama ya sijda usoni, na wateja wao ni sisi. Kununua kitu ukijua au ukiwa na dhana yenye nguvu kwamba kimeibwa ni haramu, na faida yake ni haramu. Hapa hatuna mengi ya kuongeza.

Ulinzi shirikishi na kazi ya msikiti

Sungusungu walianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, baadaye serikali ikawatambua na utaratibu ukaenea hadi mijini. Ulinzi shirikishi wa leo ni mjukuu wake. Kulinda mtaa ni jambo jema, ni katika kusaidiana juu ya wema, na tunataraji malipo kwa mwenye kukesha wengine wakalala. Masharti yake ni mepesi kuyataja. Majina ya walinzi yawe kwa mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi. Michango ya nyumba iandikwe na kusomwa hadharani. Aliyekamatwa apelekwe, asihojiwe kwa viboko. Na mlinzi asigeuke yeye kuwa ndiye anayewatisha watu, kwani Abu Daud amepokea kwamba si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu, na sababu ya hadithi ilikuwa mzaha tu uliomshtua mtu aliyelala.

Msikiti nao una nafasi ambayo hakuna ofisi inayo, watu wale wale wanakutana mara tano kwa siku. Wanaokwenda Alfajiri waongozane kwa njia moja badala ya kila mtu na kichochoro chake, simu ibaki nyumbani. Taa ya nje ya msikiti iwake usiku kucha. Mambo mengine yamo tayari katika sunna: Bukhari amepokea kwa Jabir (r.a.) amri ya kuwazuia watoto ndani giza linapoingia na kufunga milango usiku.

Vijana ndio mtihani mzito. Wale wachache wanaojulikana kwa majina walisoma madrasa zetu, walimu wao wapo hai. Wengi waliacha shule, wakaangukia bangi na mashine za kamari, kisha kijiweni wakakuta kundi linalowapa heshima ambayo hawakuipata nyumbani. Imam Malik katika Muwatta amesimulia kwamba vijakazi wa kiume wa Hatib waliiba ngamia wakamchinja. Umar (r.a.) alikaribia kuwakata mikono, kisha akabaini kuwa bwana wao anawashindisha njaa. Akamtoza Hatib dirhamu 800, mara mbili ya bei ya ngamia. Umar hakusema wizi ni halali. Alimtafuta aliyeuzalisha, na kumlipisha. Zaka inayokusanywa kila Ramadhani mtaani, ikanunuliwa mchele wa siku tatu, ingeweza kumlipia kijana mmoja ada ya VETA au kumnunulia cherehani. Tunaujua ugumu wa hesabu hiyo, lakini tunaomba kamati za misikiti ziijaribu.

Jibu kwa muulizaji

Ndugu yetu, swali lako la kwanza limeshajibiwa. Mtaa ulikuwa na haki ya kumkimbiza na kumkamata. Haki hiyo ilikwisha aliposhikwa.

Swali la pili ni zito, nasi hatutoi hukumu juu ya tukio mahsusi kwa barua ya upande mmoja. Tunakueleza ya kitabuni. Watu wengi wakishirikiana kumuua mmoja, wingi wao hauwaokoi. Umar (r.a.) aliwahukumu watu kadhaa kwa kumuua mtu mmoja huko San'a. Na kama kila pigo peke yake lisingeua, ila yameua yakikusanyika, Imam Nawawi katika Minhaj amechagua kauli kwamba kisasi kinawajibika ikiwa walikubaliana. Wasipokubaliana, inabaki diya, wanagawana. Fimbo zako mbili zimo katika hesabu hiyo. Hukuzipiga kumzuia mtu anayekushambulia. Usijifariji kwamba wengine walipiga zaidi, wala usikubali shetani akwambie umeshaangamia, huna haja ya kutubu.

Ya kufanya ni haya. Tubu kwa Allah (s.w.) toba ya kweli. Katika madhehebu ya Imam Shafi kafara inamlazimu kila aliyeshiriki, nayo leo, ambapo hakuna mtumwa wa kuacha huru, ni kufunga miezi miwili mfululizo bila kukatiza. Kisha iko haki ya warithi wa marehemu, ambayo haifutiki kwa funga wala swala. Ana mama, huenda ana watoto. Usiende kwao peke yako ghafla. Mwendee kwanza imamu unayemuamini na wazee, pamoja na mwanasheria, kwa kuwa jambo hili kwa sheria ya nchi ni kosa la mauaji na adhabu yake unaifahamu. Wao watakuongoza jinsi ya kutoa maelezo polisi na jinsi ya kuifikia familia kwa diya au kwa kuomba msamaha. Ukiitwa kutoa ushahidi, sema uliyoyaona, hata yakikugusa mwenyewe. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inadai hivyo. Na umuombee marehemu kama alikuwa Muislamu.

Ama kuendelea na ulinzi, mambo hayo yakishawekwa sawa hakuna kinachokuzuia, na huenda wewe ndiye atakayesimama kati ya umati na kijana mwingine siku ikija. Ila ukienda, nenda na tochi, filimbi na namba ya kituo, au 112. Fimbo iache nyumbani.

Wallahu a'lam.